Niliandika "mahaba" kwa sababu ya "Juba"

*Shangazi, salaam aleikum.*

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi hapa Bombo. Kwetu tulikua na Kinubi, lakini mume wangu ni mtu wa Arua, kwa hiyo tangu tuoane lugha ya ndani ya nyumba ni Kiswahili. Yeye ni dereva wa lori, hupeleka mizigo Juba kupitia Elegu. Mimi nakaanga mandazi na chapati kando ya barabara ya Gulu. Saa kumi na moja alfajiri sigiri yangu imeshashika moto.

Nina daftari. Nilianza kuliandika miaka miwili iliyopita, baada ya arobaini ya baba yangu. Usiku nikishakanda unga na kuufunika, nakaa kwenye kigoda naandika mistari minne, mara nyingine minane, kuhusu lililonipata siku hiyo: mteja aliyekula akaondoka bila kulipa, mvua iliyonizimia moto, mtoto aliyeng'oka jino. Sikusomea ushairi, niliishia kidato cha pili. Ninachojua ni kwamba maneno yakifanana mwishoni roho yangu inatulia, nalala. Kurasa zimefika arobaini.

Mwezi uliopita Baba Yusufu alirudi kutoka Juba amekonda. Lori likaingia gereji, akakaa nyumbani siku saba. Shangazi, siku zote saba hakusema. Akiamka anakunywa chai, anakaa kwenye benchi la nje anatazama barabara, anakula, anaoga, analala. Nikimuuliza anasema, "Niko sawa." Usiku wa saba nikaandika hivi:

Umerudi toka Juba,
Kimya chako chanikaba,
Moyo wangu umeshiba,
Sina tena la mahaba.

Kesho yake alikuwa anatafuta karatasi ya kuandikia namba ya fundi. Akafungua daftari langu. Nilikuwa mlangoni, mikono imejaa unga, nikamwona anasoma, midomo inacheza. Hakufoka. Hakuchana ukurasa. Aliliweka daftari juu ya gunia la unga, wazi vilevile kama alivyolikuta, akaenda gereji kwa miguu. Jioni aliondoka na lori. Sasa ni wiki tatu. Akipiga simu anasema, "Nipe Yusufu."

Wallahi si kweli kwamba sina mahaba naye. Niliandika "mahaba" kwa sababu inaenda na "Juba". Nilipomweleza dada yangu alisema mkono hauandiki lisilokuwa moyoni, na kwamba nilichome daftari kabla halijavunja nyumba. Mwalimu mmoja anayekunywa chai kwangu alilitazama akasema haya si mashairi, hayana kina cha kati wala mizani 16, yaani silabi 16 kwa mstari, ni vitu vya kitoto. Na jirani yangu, mama mtu mzima aliyezaliwa hapa Luweero, ananiuliza kwa nini nalia kwa lugha ya askari waliowapiga wakati wa vita.

Nakuandikia na ubeti mwingine, wa kofia ya marehemu baba, ili usidhani naandika ya ugomvi tu:

Kofia ya baba yangu
Imeshikwa na ukungu,
Naifuta kwa uchungu,
Kisha avaa mwanangu.

Nilichome? Na yeye nimwambie nini?

Mama Yusufu, Bombo

---

*Mama Yusufu, mwanangu, aleikum salaam.*

Daftari usilichome. Natanguliza hilo kwa sababu barua yako nimekaa nayo siku mbili, na siku zote mbili nimekuwa na hofu kwamba dada yako atakutangulia kulitia motoni.

Nimezisoma beti zako kwa sauti, nikizihesabu kwa vidole. Kila mstari una mizani nane. U-me-ru-di-to-ka-Ju-ba. Ki-mya-cha-ko-cha-ni-ka-ba. Hakuna uliopungua, hakuna uliozidi, na wewe unaniambia hukusomea. Basi sikio lako linahesabu lenyewe. Hilo ni jambo la kushukuru, na ndilo pia lililokuponza, kwa maana mtu mwenye sikio la namna hiyo hupata raha ya sauti kabla hajauliza sauti hiyo imesema nini.

Twende mstari kwa mstari. "Umerudi toka Juba." Kweli, alirudi toka Juba. "Kimya chako chanikaba." Kweli tupu, na ni mstari mzuri kwelikweli, kwa sababu umekifanya kimya chake kuwa na mikono, kimeingia nyumbani naye kikakushika koo. Kama ningekuwa na daftari lako hapa ningepigia mstari huo mstari wa penseli. Sasa wa tatu: "Moyo wangu umeshiba." Umeshiba nini? Uliandika kuhusu mtu aliyekunyima maneno siku saba. Moyo huo ulikuwa na njaa, mwanangu, haukushiba. Ukweli umegeuzwa kinyume, na aliyeugeuza ni silabi moja, "ba". Na mtu akishaandika la uongo kwenye mstari wa tatu, wa nne hauna pa kwenda. "Sina tena la mahaba" limeteremka pale kama lori lisilo na breki.

Nataka uelewe kwa nini lilikuja "mahaba" na si neno lingine. Kiswahili kina ukarimu wa ajabu kwa mtunzi. Karibu kila neno letu linaishia kwa irabu, kwa hiyo vina vimejaa njiani, mtu anaokota tu. Kwa "ba" peke yake una haba, saba, toba, tiba, mwiba, msiba, kiroba, swahiba, kubeba, kuziba. Ulikuwa na maneno yote hayo. Lakini "mahaba" ndilo limeimbwa mno, redioni, harusini, kwenye taarabu, mpaka ulimi umelizoea. Ukisema "ba" linakuja lenyewe. Kina cha kwanza kukujia usiku, umechoka, mara nyingi si chako. Ni cha nyimbo za watu wengine. Wewe uliandika kuhusu Baba Yusufu na benchi lake, na wimbo wa mtu usiyemjua ukakumalizia ubeti.

Najua uzito wake kwa sababu nimewahi kukosea hivyohivyo. Miaka mingi iliyopita, hapa Jinja, jirani yetu alifariki nikaombwa nitunge beti za kusomwa matangani. Nilianza na "jana", siku aliyofariki, kisha nikaandika kwamba tumepotewa na "kijana". Marehemu alikuwa na miaka 71. Watu waliitikia vizuri, vina vilipendeza. Baada ya dua mjane wake aliniita pembeni akanishika mkono, akasema taratibu, "Mvi zile alizitafuta mwenyewe, na wewe umemvua." Sijamsahau. Tangu siku hiyo, nikitaka kutunga, kwanza naandika jambo lenyewe kwa sentensi moja kavu, isiyo na vina, kama ninayemwandikia daktari. Kisha natafuta katika sentensi hiyo neno ambalo siwezi kuliacha. Hilo ndilo naliweka mwishoni mwa mstari, na vina vingine vitafutwe kulifuata lenyewe. Kina kikikataa, nabadilisha mpangilio wa maneno, au nahamia kina kingine kabisa. Jambo lenyewe siligusi.

Sentensi yako kavu umeniandikia wewe mwenyewe, ndani ya barua: "siku zote saba hakusema." Tazama, Mama Yusufu. "Saba." Neno la kweli lilikuwa mlangoni kwako, na linaishia kwa "ba". Ungeweza kusema hivi:

Umerudi toka Juba,
Kimya chako chanikaba,
Maneno yako ni haba,
Na leo siku ya saba.

Sikuandikii ili uchukue huu wangu badala ya wako. Nataka tu uone kwamba kina hakikukulazimisha kitu. Mume akisoma huu wa pili ataumia pia, lakini ataumia kwa jambo analolijua kuwa ni kweli, na mtu huweza kulijibu jambo la namna hiyo.

Sasa nije kwake, maana hapo ndipo dada yako ana nusu ya haki. Usimwambie mumeo "ilikuwa ni kina tu." Hata kama ndivyo ilivyokuwa, yeye atasikia kisingizio. Na wewe jiulize kwa utulivu: ulipoliandika neno lile usiku ule, hukupata raha kidogo ya kumchoma mtu aliyekuchoma kwa kimya? Mimi nadhani uliipata. Kina kilikuvuta, lakini hasira nayo ilikuwa ikisukuma kwa nyuma. Mwambie yote mawili. Mwambie: mistari miwili ya kwanza ni yangu, nasimama nayo, kimya chako kilinikaba, miwili ya mwisho si kweli, niliiacha ije kwa sababu ilisikika vizuri na kwa sababu nilikuwa na hasira, nisamehe. Maneno hayo yaseme kwa mdomo wako. Usimpe Yusufu ayabebe kwenye simu. Mtoto ameshafanywa daraja kwa wiki tatu na inatosha.

Lipo jambo lingine, na hili ndilo limenikosesha usingizi zaidi ya vina. Barua yako nimeisoma yote nikitafuta kilichompata Juba. Hakipo. Unasema alirudi amekonda. Unasema lori liliingia gereji, lakini huniambii liliharibikaje, wapi, na nani alikuwa naye. Dereva wa njia ile halali mahali pamoja na haoni jambo moja. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkubwa, na mshindo wa kimya chake ulianza kabla hajafika kwenye benchi lako. Ulimuuliza kama yuko sawa, akakujibu swali hilohilo ulilomuuliza. Mara hii muulize dogo na la karibu: "Lori liliharibikia wapi?" Mwanamume wa barabarani ambaye hawezi kusema habari za moyo wake anaweza kusema habari za springi iliyokatika, na ya moyo hufuata nyuma yake, ukimpa nafasi.

Mpigie asubuhi akiwa amesimama Elegu anangoja karatasi zake kwenye foleni ya mpakani, si akiwa anaendesha. Na akirudi, mpe daftari lote. Amesoma mistari minne katika kurasa arobaini. Anadhani nyumbani kwake kuna kitabu cha lawama. Asome ya mvua, ya jino, ya kofia. Kama imo ya kwake ya siku nzuri, mfungulie hapo. Kisha uweke penseli ndani yake. Mashairi ya Kiswahili tangu zamani yameandikwa ili yajibiwe: Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alijibizana kwa beti na Zahidi Mngumi wa Lamu wakati miji yao miwili ina uadui wa vita, na beti zilivuka bahari hata hivyo. Bombo na Arua hazina vita. Akiandika mstari mmoja, hata wa namba ya fundi, ni mwanzo.

Kuhusu mwalimu. Kanuni alizokutajia ni za kweli: shairi la tarbia lina mishororo minne, kila mshororo mizani 16, umegawanywa katikati, kina hapa na kina pale. Mwambie basi aunganishe mistari yako miwili: "Umerudi toka Juba, kimya chako chanikaba." Ahesabu. Ni 16, kina cha kati kipo, cha mwisho kipo. Unatunga nusu mishororo na kuishusha chini, basi. Na mizani nane ni kipimo cha utenzi, shairi refu la kusimulia au kuusia, cha heshima kuliko anavyofikiri. Mwana Kupona binti Msham wa Pate, mwaka 1858, akiwa mgonjwa na kujua hatapona, alitumia kipimo hichohicho kumtungia binti yake maneno ya kubaki nayo. (Wosia wake juu ya mke na mume sikuletei leo, hayo ni mazungumzo mengine na mimi nina ubishi nayo, nakuletea kipimo chake tu, na kwamba alikuwa mama anayemwandikia mtoto.) Tofauti ni kwamba katika utenzi mstari wa nne wa kila ubeti hubeba kina kimoja tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Ukitaka kujaribu, jaribu, una sikio. Usipotaka, ubeti wako mmoja mmoja unajitosheleza. Neno "kitoto" lenyewe sikubaliani nalo hata kidogo.

Nikuonyeshe kwa kofia. Huko kina hakikukuvuta popote. "Yangu" na "mwanangu" ni vina rahisi, kila anayeanza huvikimbilia, lakini kwako vimefanya kazi: ubeti umeanza kwa baba ukaishia kwa mwana, na katikati kuna mkono wako unafuta ukungu. Hukusema kifo, hukusema arobaini, hukusema nasaba. Kofia imepita kutoka kichwa kimoja hadi kingine na msomaji ameona. Nilipofika "Kisha avaa mwanangu" niliiweka barua chini.

Jirani yako usibishane naye. Mtu wa Luweero aliyeishi vita vya 1981 hadi 1986 anayo sababu yake, na wengi wa rika langu walikisikia Kiswahili kwa mara ya kwanza kwenye kizuizi, kikisemwa na mwenye bunduki. Katiba ya Uganda ilirekebishwa mwaka 2005 kikawa lugha rasmi ya pili ya nchi, lakini marekebisho hayafuti alichosikia yeye. Wewe hukukichagua Kiswahili ili kumuumiza. Ndiyo lugha uliyopatia mume, ndiyo unayowaimbia watoto. Siku moja akija kunywa chai msomee ya kofia. Anaye baba pia, au alikuwa naye.

Niandikie Baba Yusufu akirudi. Na ubeti wa kofia niongezee wa pili: nataka kujua mtoto alifanya nini alipoivaa, kama ilimshuka hadi machoni.

Shangazi yako, Jinja